Gazeti la Kifuani

Yule mama wa mkahawa wa juu, pale barabara inapomaliza kupanda na kuanza kuteremkia bonde la pili, hamwachi mwendesha baiskeli ashuke bila kinga kifuani. Ottavio, anayepanda kila Alhamisi tangu astaafu posta, anamjua kwa mikono: mikavu, yenye harufu ya moshi wa kuni, hulikunja gazeti la jana mara mbili na kulisukuma ndani ya jezi yako kabla hujamaliza kahawa. “Upepo wa huko chini hauna adabu,” humwambia kila mtu, kila mara. Lakini kwanza huchana ukurasa mmoja na kuutia mfukoni mwa aproni. Livio, mwenzake Ottavio wa safari, alizoea kumchokoza: “Mama, unatupunja! Umeficha matokeo ya mpira?” Naye humjibu, “Kunywa, mzee, kahawa inapoa.”

Alhamisi iliyopita Ottavio alipanda peke yake. Mama alimimina kahawa, akachana, akakunja. Ottavio akamshika mkono.

“Nipe na huo. Livio yumo humo.”

“Najua yumo. Huu wa tanzia sijawahi kumpa mtu ateremke nao kifuani, na sianzi leo.”

Akaulainisha ule ukurasa kwa kiganja, akautandaza mezani mbele ya kiti kitupu, akaukandamiza kwa kikombe kilichojaa.

“Wewe shuka, na kwenye kona ushike breki,” akamwambia Ottavio. Kisha akaugeukia ukurasa. “Nawe kunywa, mzee, kahawa inapoa.”