Gramu Mia Tatu

Irja Kolehmainen alikuwa mwashaji wa sauna, bafu la mvuke. Kila asubuhi alipasua kuni za mbetula nyuma ya kibanda cha mbao kando ya ziwa, akalijaza jiko, akakaa nje kwenye benchi akiutazama moshi mpaka ukawa mwembamba. Hapo ndipo alipowafungulia wanawake. Kipimajoto kilikuwepo ukutani, lakini hakuna aliyemwona akikitazama. Alipita nyuma ya watu waliokaa mvukeni akimgusa mmoja mmoja begani kwa kiganja. Bega likiwa limelowa, mtu yuko salama, aendelee kukaa. Kazi hiyo aliianza kiwanda cha viatu alichoshonea kilipofungwa, miaka kumi na minane iliyopita, na wanawake wa mtaa ule wa mji wa Tampere walikiamini kile kiganja kuliko daktari. Mama yake alizaliwa saunani, na alipokufa akaoshwa saunani. Kwamba mahali pale panaweza kumdhuru mtu, Irja hakuwahi kufikiria.

Hakuzaa. Alikuwa na Vilja, binti wa kaka yake Esko. Esko aliangukiwa na mti kazini msituni, mtoto akiwa na miaka tisa, na mama mtu alikuwa ameshakwenda zamani kuanza maisha mengine kaskazini. Siku ya mazishi Irja alimshika yule mtoto mkono, wakapanda basi, wakaenda nyumbani. Mtoto alikuwa haongei. Alikuwa anapiga. Alipiga wenzake, alipiga milango, na siku moja akampiga mwalimu. Irja akampeleka kwenye ukumbi wa mieleka, kwa mtu mfupi mwenye masikio yaliyovimba kama maandazi, jina lake Jarkko.

"Huyu anapiga," Irja akamwambia.

"Vizuri," Jarkko akasema. "Hapa tuna wa kupigwa."

Miaka ikaenda. Vilja akawa mpiganaji wa kizimbani, wa ile michezo ambayo ngumi, mateke na mieleka vyote ni halali, na mwaka jana akapata nafasi ya kugombea mkanda wa ubingwa wa wanawake. Mwenye mkanda alikuwa Mswidi, Tuva Ekdahl. Uzito wa juu wa daraja lao ulikuwa kilo sitini na moja na gramu mia mbili, na kwenye pambano la mkanda hakuna hata gramu moja ya kusamehewa. Vilja siku za kawaida alikuwa na kilo sitini na nane. Nyingi aliziondoa kwa njaa, na za mwisho ziliondoka kwa jasho, kwenye sauna ya shangazi yake, asubuhi ya kupimwa.

Na asubuhi hiyo ya mwaka jana, Jarkko akiwa ametoka kupiga simu, Vilja alilegea kwenye benchi la juu akaanza kumwita baba yake. Irja alikuwa na juisi ya beri mkononi, ya kwake mwenyewe. Hakufikiri. Alimwinua kichwa akamnywesha mpaka kikombe kikaisha. Saa moja baadaye, mbele ya kamera, mizani ikasema gramu mia tatu zimezidi.

Walipigana hivyo hivyo. Vilja alimpiga Mswidi raundi zote tano, majaji watatu wakampa ushindi yeye, kisha mkanda ukafungwa kiunoni mwa aliyeshindwa, kwa sababu aliyezidi uzito haruhusiwi kuubeba. Jarkko aliilaumu mizani ya ukumbini kwake, akaibeba mwenyewe mpaka jalalani. Mji mzima ulizijua zile gramu. Kwenye duka la mikate muuzaji alimuuliza Vilja, "Nikukatie kipande, au kitazidi?" Vilja alicheka na wenzake. Akifika nyumbani alikaa bafuni mlango umefungwa, bomba la maji linatiririka, na Irja alisimama nje ya mlango ule na siri yake.

Mwaka mzima alisimama nayo.

Pambano la marudiano likapangwa mwezi wa tatu, kwenye ukumbi mkubwa wa mpira wa barafuni, mji huo huo. Mapambano tisa ya kutangulia, na la kumi, la mwisho, ndilo lao. Picha zao zilibandikwa vituo vyote vya tramu. Alhamisi jioni, kesho yake ikiwa ni kupima, Vilja alikaa jikoni akikata kucha, maana hata kucha ni uzito.

"Vilja."

"Mm."

"Mwaka jana ni mimi."

"Wewe nini?"

"Ulikuwa umezimia. Unamwita Esko. Nikakunywesha juisi. Kikombe kizima."

Vilja aliendelea kukata. Akamaliza mkono wa kushoto, akahamia wa kulia.

"Jarkko anajua?"

"Hajui."

"Shangazi, yule mzee alitupa mizani ya watu. Mizani nzima!" Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

Vilja akakusanya kucha zake mezani, moja moja, akaziweka kwenye kiganja. Irja alingoja matusi, na matusi yangemsaidia.

"Basi sikiliza," Vilja akasema. "Kesho ni wewe tena, simtaki mwingine. Lakini nikikuomba maji, usinipe. Nikilia, usinipe. Nikimwita baba, nikimwita yeyote, wewe kaa kimya. Sema."

"Mwanangu, mimi..."

"Sema, shangazi. Unanidai? Mimi ndiye ninayekudai."

"Sitakupa."

"Kwa jina la baba."

Irja akaahidi kwa jina la kaka yake.

Alfajiri jiko lilikuwa limeshakolea. Bibi Martta, wa miaka sabini na mitatu, alifika na taulo lake kama kila Ijumaa, akakuta mlango umefungwa.

"Irja! Yaani sisi tunafungiwa nje?"

"Mpaka saa tatu, Martta."

"Kwa ajili ya gramu mia tatu? Mimi nimebeba kilo ishirini za ziada tangu nizae, na hakuna aliyewahi kunifungia sauna!" Akasogea karibu, akashusha sauti. "Mwambie amvunje yule Mswidi pua. Mwambie ni mimi nimesema."

Ndani, Vilja alikaa robo saa, akatoka, akajifunika mablanketi, akapimwa, akarudi. Jarkko alikuwa akisoma mizani mpya na kutania. "Shangazi, usimwivishe sana, mimi nampenda mwenye damu damu." Zikabaki kilo moja na nusu. Kilo moja. Gramu mia tisa. Baadaye utani ukamwishia Jarkko pia. Zilipobaki mia nne alisema raundi moja ya mwisho inatosha, akatoka kuondoa theluji kwenye gari.

Wakabaki wawili.

"Shangazi," Vilja akasema. "Kidogo tu."

"Hapana."

"Ya kulowesha ulimi. Nitatema, naapa nitatema."

"Hapana, mpenzi wangu."

"Wewe mchawi. Wewe si mtu. Hukuzaa, utajua nini?"

Hilo Irja aliliweza. Kilichomshinda ni sauti iliyofuata, nyembamba, ya yule mtoto wa kwenye basi: "Shangazi, nataka twende nyumbani."

Akanyoosha mkono akamgusa begani.

Bega lilikuwa kavu. Kavu na la moto kama ubavu wa jiko. Miaka kumi na minane hakuwahi kugusa bega kavu ndani ya chumba kile. Miguuni pake palikuwa na ndoo ya maji ya kumwagia mawe ya moto juu ya jiko, kata inaelea juu yake, karibu kiasi kwamba hakuhitaji hata kuinama sana. Alijua la kufanya. Hakuna mtu mwingine Tampere nzima aliyelijua kama yeye. Akaiona meza ya jikoni, akaona kucha, akasikia jina la Esko likitoka kinywani mwake mwenyewe.

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia na kichwa cha Jarkko.

"Vipi, yuko sawa?"

"Yuko sawa," Irja akasema.

Kwenye kupima, Vilja alivua kila kitu, na Irja alikuwa mmoja wa walioshika taulo kumzunguka. Mwenye mizani akasoma kwa sauti: sitini na moja, nukta mbili. Watu wakapiga kelele mpaka vioo vya madirisha vikatetemeka. Jarkko alimnyanyua Irja juu kama mfuko wa unga. "Huyu ndiye bingwa! Huyu mama wa chuma!" Na Irja, ambaye maishani mwake hakuwahi kupigiwa makofi, alipigiwa makofi na ukumbi mzima, taulo bado mkononi.

Kisha wapiganaji wakasimamishwa uso kwa uso.

"Mwaka huu umekuja peke yako," Tuva akamuuliza, "au umekuja na zile gramu zako?"

"Gramu zangu ziko kwenye ngumi," Vilja akasema. "Kesho utazipima mwenyewe."

Waandishi wakacheka. Alikuwa ameshakunywa nusu chupa, rangi imeanza kumrudia, na Irja akajiambia basi, imepita.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Irja alikaa safu ya tatu, Bibi Martta ubavuni, amevaa koti la kanisani. Raundi ya kwanza ilikuwa ya Vilja. Alimwangusha Mswidi mara mbili, na Martta alipanda juu ya kiti akaambiwa ashuke. Raundi ya pili Tuva alikuwa ameshaanza kung'aa chini ya taa, jasho linamtiririka mgongoni. Irja akamtazama Vilja. Mabega yake hayakung'aa.

"Martta, hatoki jasho."

"Nani?"

"Vilja. Hatoki jasho."

"Si ana nguvu? Mwache!"

Raundi ya tatu miguu ilimwacha. Haikuwa ngumi iliyomlegeza, kila mtu aliona. Alikuwa akienda kupiga, miguu ikabaki nyuma. Irja alisimama, akapita magoti ya watu mpaka kwenye kizuizi, akampigia Jarkko kelele, lakini watu elfu sita walikuwa wakipiga kelele pia. Raundi ya nne Mswidi alimkalia kifuani akapiga, akapiga, kisha yeye mwenyewe akamtazama mwamuzi, kama anayeomba amzuie. Mwamuzi akaingia. Mkanda ukabaki ulipokuwa.

Hospitalini walisema ni figo. Zilikuwa zimeumia kabla ya ngumi ya kwanza kupigwa. Wiki tatu Vilja alilazwa, amefungwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Figo moja ikaamka nusu, nyingine haikuamka, na mashine ikawa ya kurudiwa kila wiki. Kizimba kwisha, akaambiwa, na sauna pia kwisha.

Watu walimletea Irja keki za kumpa pole. Jarkko alilia mbele yake, akajilaumu yeye, akaulaumu mchezo, akalaumu kila mtu isipokuwa Irja. Vilja mwenyewe, midomo imepasuka, alimshika mkono.

"Usilie, shangazi. Nilikuomba kitu kimoja, ukakifanya. Nani mwingine angeweza?"

Irja alimeza shukrani hiyo siku nne. Siku ya tano akashindwa.

"Bega lako lilikuwa kavu."

"Nini?"

"Mle ndani. Ulisema unataka kwenda nyumbani, nikakugusa. Lilikuwa kavu. Nikajua. Jarkko aliponiuliza nikasema uko sawa."

Mashine iliendelea kuzungusha damu. Vilja aliutazama mrija wake.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Nilikuwa nimekuahidi."

"Mimi nilikuwa sina akili pale, shangazi. Wewe ulikuwa nayo." Hakusema kwa ukali. Akautoa mkono wake taratibu, akauweka chini ya shuka. "Nimechoka. Nataka kulala."

Irja aliurudisha ufunguo wa sauna kwa chama cha mtaa kilichoimiliki. Mwashaji mpya ni kijana mwenye digrii ya mazoezi ya viungo, na Martta anasema anawachemsha kama viazi. Mara mbili wanawake walikuja mpaka mlangoni kumwomba Irja arudi. Aliwapa kahawa, akawasindikiza.

Mwezi wa tano Vilja akapata chumba ng'ambo ya mji, karibu na hospitali, kwa sababu ya mashine, akasema, safari ni ndefu. Irja na Jarkko walibeba godoro, maana Vilja amekatazwa kubeba. Kwenye kona ya ngazi godoro lilikwama. Jarkko akatania kwamba hata godoro halitaki kuhama. Vilja, aliyekuwa juu ameshika taa ya mezani, alisema wasukume tu, litapita. Wakasukuma, likapita.