Ndege Ilipita Mara Tatu

Nilicheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linaloniuma zaidi. Binti yangu alikuwa akinionyesha, mbele ya watu, kitu nilichomfanyia, na mimi nilikuwa nimejitandaza kwenye kochi la dada yangu na kikombe mkononi, nacheka mpaka chai ikanimwagikia kwenye gauni.

Ilikuwa likizo ya Aprili na tulikuwa Nakuru kwa dada yangu mdogo, siku mbili tu. Mimi naishi Naivasha. Kazi yangu ni kupanga maua: natoa majani, napima shina, nafunga waridi kwa mafungu, siku nzima nimesimama kwenye banda lenye baridi ya friji. Dada yangu alisoma kunishinda. Ana ofisi, ana zulia, na ana televisheni inayofunika nusu ya ukuta na kuingia mtandaoni yenyewe. Watoto wangu walipoiona walivua viatu bila kuambiwa. Binti ana miaka tisa, mdogo wake wa kiume ana minne.

Mtoto wa dada yangu, mvulana wa miaka kumi na mmoja anayejua kila kitu, alituwekea katuni ya dainosa. Basi la wanafunzi limeharibika kwenye bonde lililojaa mijusi mikubwa kuliko lori, mwalimu amepotea, watoto wanne wamebaki peke yao. Ajabu ya katuni hii ni kwamba haiendi yenyewe. Kila baada ya dakika chache picha inatulia, yanatokea maneno mawili chini, na mstari mwekundu unaanza kufupika. Ni wewe na rimoti. Wapande mti au wakimbie? Wavuke mto au warudi? Ukichelewa, inajichagulia. Binti yangu alipewa rimoti kwa kuwa ndiye mgeni, na mwanzoni niliona fahari, maana alichagua vizuri kweli. Aliwapandisha mtini, akawavusha mto, akawanyamazisha dainosa akipita hatua mbili kutoka kwao. Hata binamu yake mjuaji alikubali.

Kisha ikaja ndege ya kuwatafuta. Ilizunguka juu ya bonde, watoto wako pangoni, na maneno mawili yakatokea: wawashe moto ili waonekane, au wajifiche. Binti yangu akabonyeza wajifiche, haraka, bila kungoja mstari ufupike. Ndege ikaenda zake. Dainosa akaingia pangoni, picha ikawa nyeusi, na televisheni ikauliza kama tunataka kujaribu tena.

"Aki wewe!" mvulana akapiga kelele. "Si ulikuwa uchape ile ya moto!"

Ikarudishwa nyuma. Ndege ikaja mara ya pili. Binti yangu akabonyeza wajifiche.

Hapo ndipo nilipocheka. Dada yangu naye alicheka. Tulidhani ni utani, mtoto anamchokoza binamu yake. Mara ya tatu mvulana alikuwa amesimama, karibu kulia.

"Unawaua! Ndege iko hapo juu, wanatafutwa!"

"Hujui ni nani ako kwa ndege," binti yangu akasema.

"Ni watu wa kuwaokoa!"

"Huwa wanasema hivyo." Akabonyeza tena wajifiche. Hakutabasamu hata kidogo. Mdogo wake alikuwa amejibanza kwapani mwake, na yeye alikuwa amemziba mdomo kwa kiganja.

Kile kiganja ndicho kilichonikatisha kicheko. Hakumziba kwa mchezo. Alikuwa amekaza, vidole viwili chini ya kidevu, kidole gumba shavuni, kama mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo na kujua mahali pa kushika.

Nikamwuliza kwa nini hataki waokolewe.

"Si ulisema," akanijibu. Alinitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye niliyekuwa nimesahau somo. "Mtu akiita, hatuitiki. Hata akisema nini. Hata ile siku ya moto hatukuitika."

"Siku gani ya moto?"

Niliuliza, lakini nilikuwa najua. Mwili ulishajua. Kikombe kiliniinama mkononi mpaka dada yangu akaja kunipokonya.

Sasa lazima niseme jambo ambalo sijawahi kulisema. Mwezi wa Februari, kabla ya siku ya wapendanao, kwenye mashamba ya maua hakuna Jumamosi wala Jumapili. Ulaya yote inataka waridi kwa siku moja, na ukikosa zamu nafasi yako anapewa aliyesimama getini. Shule zimefungwa wikendi. Mama wa kulea watoto mtaani kwetu Jumapili anaenda kanisani, na Jumamosi anajaza mpaka anakataa. Kwa hiyo nilifanya wanavyofanya wengi wetu na hakuna anayekiri: niliwafungia watoto ndani na kufuli kwa nje. Ugali na mboga kwenye hotpoti, ndoo kwa ajili ya haja, pazia limeshushwa, televisheni yetu ndogo sauti isizidi namba saba. Naondoka saa kumi na moja alfajiri na basi la shamba, hakuna anayeona. Na sheria moja, niliyowafundisha mpaka wakaimba: mtu akibisha, kimya. Akiita jina lako, kimya. Akisema ametumwa na mama, kimya. Hata akisema nini.

Ingekuwa hivyo tu, ningekuwa mama mjinga miongoni mwa wengi. Lakini mimi nina mdomo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwanamke wa ploti yetu, ua wa vyumba vya kupanga, alikamatwa amefungia watoto wake ndani, na ni mimi niliyemsema penye bomba la maji, kwa sauti, kila mtu akisikia. Nilimwambia hata ng'ombe hafungiwi hivyo bila mtu wa kumwangalia. Yule mwanamke alihama. Baada ya maneno kama hayo ningeanzaje kukiri kwamba nami nimenunua kufuli? Nikatangaza kwa majirani kwamba wikendi watoto wangu wanaenda kwa dada yangu, Nakuru. Walifurahi kwa niaba yangu. Walisema nina bahati ya kuwa na ndugu.

Jumamosi moja ya Februari ile, mtungi wa gesi ulishika moto chumba cha pili kutoka kwetu. Nilirudi jioni nikakuta ukuta mweusi, matandiko ya watu nje na maji yametapakaa ua mzima. Mathe wa chumba kinachotazamana na changu, mama mtu mzima anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za sukuma mlangoni pake, alinikumbatia akisema, "Shukuru Mungu watoto hawakuwako." Nilishukuru. Nilifungua kufuli, nikawakuta wamelala kitandani, chumba kinanuka moshi. Nikamwuliza binti kama wamesikia chochote. Akasema walikuwa wamelala. Nikamwamini, kwa sababu nilitaka sana kumwamini. Na Jumapili iliyofuata, niliporuhusiwa kukosa zamu ya asubuhi, nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu aliwaondoa watoto wangu Naivasha kabla ya moto kuja. Watu walipiga makofi.

Haya yote yalinijia kwa mpigo pale sebuleni kwa dada yangu, na katuni inangoja tuamue kama tunataka kujaribu tena.

"Nieleze," nikamwambia binti.

Akaeleza, kama anayenisomea daftari la shule. Moshi uliingia kwa juu, kwenye pengo la dari. Watu wakaanza kupiga kelele nje, halafu wakaja mlangoni kwetu wakagonga kwa nguvu, wakisema moto, moto, kuna mtu? Mdogo wake alitaka kuitika, lakini yeye alikumbuka nimewaambia watu kwamba wako Nakuru. Basi akazima televisheni, akamvuta chini ya kitanda. Mtoto akaanza kukohoa, na kikohozi kina sauti, kwa hiyo akamziba mdomo.

"Alikuwa analia, lakini hakutoa sauti," akasema. "Nilimshika vizuri. Baadaye wakaenda."

"Na mbona uliniambia mlikuwa mmelala?"

"Ulikuwa umechoka, mama. Na niliogopa utajua tulikaribia kuitika."

Nimefiwa na wazazi wote wawili. Nimewahi kuachwa na mwanamume nikiwa na mimba ya miezi saba. Sijawahi kupigwa na kitu kama sentensi ile. Mtoto alikaa kwenye moshi akimziba ndugu yake pumzi, na hofu yake yote ilikuwa kwamba nitamkasirikia kwa kukaribia kuomba msaada. Dada yangu ndiye aliyeongea, akaongea vibaya.

"Uliwaambia watu kwamba hawa wako kwangu?" aliuliza. "Wangekufa, ungesema walifia kwangu?"

Nilikasirika naye. Huo ndio ukweli, na ni aibu: kwa dakika nzima nilitafuta jibu la kumkata nalo, nikaanza hata na habari za watu wenye ofisi na zulia. Kisha nikaona binti yangu ameshika rimoti kwa mikono miwili, anatutazama mmoja baada ya mwingine, anatafuta alipokosea. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia sheria ile ilikuwa mbaya na ni yangu. Mtu akisema moto, unaitika. Unapiga kelele mpaka koo lipasuke.

"Sawa," akasema. Akageukia televisheni, akairudisha nyuma mwenyewe. Ndege ikaja. Maneno yakatokea, mstari ukaanza kufupika. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe, na mstari ukaendelea kufupika, na binamu yake safari hii hakusema neno. Mstari uliisha. Katuni ikajichagulia.

Tulirudi Naivasha kesho yake, Jumapili. Jumatatu nilikuwa na zamu, na likizo ilikuwa imebakiza wiki mbili. Usiku ule wote kwa dada yangu nilikuwa nimepiga hesabu ya njia za kuwaacha watoto bila mtu kujua, na kila njia ilipita kwenye uongo ule ule. Nilikuwa na mtu mmoja tu anayeshinda ploti mchana kutwa, na ndiye niliyemdanganya zaidi kuliko wote.

Mathe alikuwa kwenye kigoda chake, anakatakata sukuma. Nilisimama mbele yake, watoto wangu wawili nyuma yangu, nikasema kabla sijabadili nia. Nikasema ile siku ya moto watoto hawakuwa Nakuru. Hawajawahi kwenda Nakuru wikendi hata moja. Walikuwa ndani.

Kisu kilisimama. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa yeye kuita ploti nzima itoke inisikie, kama nilivyomfanyia yule mwingine penye bomba.

"Ndani wapi?" akauliza.

"Ndani ya nyumba. Chini ya kitanda."

Alisukuma sinia kando.

"Vijana walikuwa na mtaimbo," akasema. Hakuwa ananiambia mimi; alikuwa anautazama mlango wangu. "Wameutia kwa kufuli tayari. Mmoja akasema, mathe, ni kama kuna mtoto anakohoa humu. Nikamwambia hapana. Nikamwambia hao watoto wako Nakuru, mama yao ameniambia na mdomo wake, usivunjie mtu mlango bure. Akasema anaskia. Nikamnyang'anya mtaimbo. Mimi. Na hii mikono."

Akaninyooshea ile mikono, na ilikuwa imejaa vipande vya sukuma. Sikuweza kuitazama.

"Ungeniacha na hiyo?" akaniuliza. "Ningezeeka nayo hapa, na hata singejua nimeibeba?"

Nikasema pole. Neno lenyewe lilinitia aibu kwa udogo wake. Alilipungia mkono liondoke, akamwita mwanangu wa kiume asogee. Mtoto akasogea. Mathe akamshika kidevu, akamwinua uso kwenye mwanga, akamchungulia puani na kinywani, akaweka sikio kifuani kwake, miezi miwili baada ya moshi kwisha.

"Kohoa nikuskie," akamwambia.

Mwanangu aligeuka kwanza akamtazama dada yake, kumwuliza kama inaruhusiwa.