Aliyekunywa Kwanza

Wiki nzima niliwasahihisha watu wazima mbele ya picha ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeiangalia vizuri. Naona aibu hadi leo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na vita vilikuwa vinaendelea. Maonyesho yalitoka Ulaya yakawekwa katika ukumbi mmoja katikati ya Bujumbura. Kila siku yalifungwa saa tisa alasiri ili watu wa Carama, mtaa wa pembeni mwa mji, wafike kwao kabla ya giza. Mkurugenzi wa ukumbi alinichukua kwa majaribio, niwaeleze watazamaji picha kwa Kiswahili. Kifaransa nilijifundisha kwa redio na magazeti ya zamani, kwa hiyo kila kitenzi kilinitia hofu. Maelezo ya mchoraji, yaliyoandikwa kwa Kifaransa, niliyakariri hadi nukta.

Picha kubwa kuliko zote ilionyesha mtawala mwenye nishani kifuani, kibuyu mdomoni, amezungukwa na watu wenye vikombe vitupu. Maelezo yalisema: mlafi anakunywa, nchi inakufa kiu.

Lakini watu wetu walifika hapo wakasimama kwa heshima. Mmoja alivua kofia. "Anaonja," walinong'onezana. Kwetu anayekukaribisha pombe hupiga funda la kwanza yeye, uone haina sumu, ndipo akupe. Na miaka ile wengi walikuwa wameacha kabisa kunywa kwa majirani.

"Apana, mumekosea," niliwaambia kila siku. "Huyu ni muroho."

Jumamosi mchoraji mwenyewe alikuja. "Ukiharibu mbele yake," mkurugenzi aliniambia, "Jumatatu usirudi."

Akaingia mama mmoja muuza ndagala, harufu ya samaki wakavu ikimtangulia. Aliitazama picha muda mrefu.

"Huyu baba ana roho ngumu," alisema. "Kuonja mbele ya watu wote hawa, wakati kama huu!"

"Anasema nini?" mchoraji akaniuliza kwa Kifaransa.

Jibu la kuniokoa nilikuwa nalo: anasema mlafi huyu anamkasirisha. Sijui kwa nini sikulitoa. Nilitafsiri ukweli, vitenzi vikigongana, hadi habari ya sumu na majirani. Mchoraji akatikisa kichwa: nimwambie mama kwamba huyo ni mwizi wa kinywaji cha watu.

Mama akacheka. "We mutoto, mwambie aangalie mukono. Mutu muroho anakumbatia kibuyu. Huyu amekishika kwa vidole, kama mutu wa kukitoa."

Nikatafsiri, sote tukageuka. Ni kweli. Vidole vitatu tu, na kiganja kimefunguka kuelekea kwa wale wenye kiu. Nilikuwa nimesimama mita moja kutoka kwenye mkono ule siku sita.

Mchoraji aliusogelea mkono alioupaka rangi yeye mwenyewe. Kisha akauliza polepole: basi mama anamwamini mtu huyu?

"Kumwamini?" Mama aliweka sawa beseni lake kichwani. "Mi bado sijakunywa. Naangalia kwanza kama ataanguka."

Nyuma yetu watu waliangua kicheko, kisha kikakatika ghafla, kila mtu akabaki na lake moyoni. Nilitafsiri. Nilikosea jinsia ya neno, nikakosea wakati wa kitenzi, nikasikia makosa yote mawili yakinitoka. Mchoraji aliniomba nirudie.

Nilipogeuka kumtafuta mkurugenzi nijue hukumu yangu, hakuwa akinitazama. Alikuwa amejipenyeza katikati ya watu, shingo mbele, akivihesabu vile vidole.