Kijiwe cha Ishirini na Sita

Nyasi zikikaukia juu ya matofali mabichi hutoa harufu kama ya chai iliyosahauliwa jikoni. Kwangu hiyo ndiyo harufu ya utoto, kule Carama, ambako baba yetu alifyatua matofali. Mimi na mdogo wangu Esta tulikanyaga udongo kwa miguu, tukayapanga matofali juani na kuyafunika nyasi yasipasuke. Baba hakujua kuandika, lakini hesabu haikumshinda. Kila safu ya matofali kumi na mawili aliiwekea kijiwe kimoja, na vijiwe kumi vilikuwa fungu. Ukiona fungu moja, ni matofali mia na ishirini, basi. Huna haja ya kurudi kuhesabu tofali mojamoja. Hivyo ndivyo alivyotufundisha kuzidisha na kugawanya. Sitaki kudanganya: Esta alishika mapema kunishinda, ingawa nilimzidi miaka miwili.

Mwaka ule sare ya shule ilipatikana moja tu. Baba akasema atakayejibu sawasawa ndiye ataivaa. Akatuuliza, matofali mia tatu kumi na mawili, ukiyapanga kumi na mawili kila safu, utapata safu ngapi? Kisha akaenda kufunika matofali, maana mawingu yalikuwa yakija. Mimi nilikwama. Esta alipanga mafungu mawili ya vijiwe, akanong'ona, "Mia mbili na arobaini. Imebaki sabini na mawili." Akaongeza vijiwe sita pembeni. Kabla hajavihesabu vyote, mama alimwita akalete maji upesi. Alipogeuka tu nikavihesabu mimi: ishirini na sita. Nikachukua kimoja, nikakifumba mkononi.

Baba aliporudi, Esta naye akafika mbio, amelowa, akahesabu vijiwe vyake kama tulivyofundishwa. "Ishirini na tano, baba."

"Apana," baba akasema.

"Ishirini na sita," nikajibu mimi.

"Yaya," akasema, maana ndivyo alivyoniita mimi dada yake mkubwa, "pale pembeni mi niliweka sita!"

"Uliweka vitano. We kichwa chako kimejaa udongo."

Baba alicheka sana. Tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Kichwa Udongo, na yeye akabaki kukanyaga udongo. Mimi nilivaa ile sare miaka mitatu tu, mama akaugua, nikaacha shule. Kwa hiyo hata nilichoiba sikukifikisha mbali.

Leo tunaishi pamoja hapa Jabe, vikongwe wawili wajane. Watoto wa siku hizi wana madaftari, wana kalamu za rangi, na simu inawagawia namba kubwa kabla hujakohoa. Sisi tulikuwa na vijiwe, na kijiwe hakidanganyi mpaka mtu akiibe. Juzi mjukuu wangu Belise alikwama kwenye kugawanya, akamwomba Esta msaada. Esta akacheka kwa meno yake mawili yaliyobaki. "Muulize yaya, mtoto wangu. Mi kichwa changu cha udongo, hesabu zilinikataa tangu utoto."

Belise naye akacheka. Nilifungua mdomo nimwambie Esta hesabu hazikumkataa. Alikuwa amenigeukia, anangoja nicheke kama siku zote.

Nikasema, "Belise, kaa vizuri. Andika namba zako zinyooke."