Kanda ya Baba na Mbwa Wake

Niliwahi kumpiga risasi kiumbe aliyekuwa anamkimbilia baba yangu, wakati baba ana wiki tatu kaburini.

Ngojeni niwaeleze, msije mkadhani nimechanganyikiwa.

Ilikuwa Februari 1979, huku Texas magharibi. Mzee wangu, Burl, alikuwa fundi wa kuwaita koyote, hawa mbweha wetu wa nyikani. Akipuliza kipenga chake cha mti, unasikia sungura anayelia kwa maumivu. Koyote wanakuja wenyewe mbio.

Mimi kipenga kilinishinda. Nikipuliza, ni bata mwenye mafua. Mzee alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanirekodia somo kwenye kanda: kilio cha sungura kwanza, halafu maelezo kwa sauti yake mwenyewe.

Siku ya maziko yake, mbwa wake Tansy alitoroka. Mama akawa anamwekea chakula barazani kila asubuhi, na kila jioni anakiondoa hakijaguswa.

"Wes," akaniambia, "hao koyote watamla mbwa wa baba yako. Nenda kawapunguze, mwanangu."

Nikachukua bunduki, redio ya kanda na spika. Jua lilikuwa limeshatoka nilipojibanza kwenye vichaka vya miiba na kuwasha kanda.

Tangu tumzike, nilikuwa naizima pale baba anapoanza kuongea. Nilikuwa siwezi kuisikia sauti yake, jamani. Lakini siku hiyo mikono yote ilikuwa kwenye bunduki, kanda ikaendelea.

"Sasa tulia, Wes," baba akasema.

Machozi yakanijaa. Papo hapo kichaka kikatikisika, nikaona manyoya ya kahawia yanakuja mbio.

Nikafyatua. Akaanguka.

Kanda haikusimama. "Usifyatue kabla hujamwona mnyama mzima. Ukikosea hapo, hakuna kurudi nyuma." Akakohoa kidogo. "Somo limeisha. Haya Tansy, twende nyumbani."

Na yule pale chini akajaribu kuinuka.

Nilitupa bunduki nikakimbia. Alikuwa amekonda, mbavu zinahesabika, mkanda wake wa mbwa bado uko shingoni. Alinifia mapajani akiwa anaitazama spika.

Koyote akisikia sauti ya mtu, anatoka nduki. Hilo hata mwanafunzi wa juzi analijua. Huyu sauti ya mtu ndiyo aliyokuwa anaikimbilia, na mimi sikujiuliza.

Nilimbeba mpaka nyumbani nikamweleza mama kila kitu. Nilitegemea anitukane, labda ningepata nafuu.

Akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Tansy.

"Kwa hiyo alimsikia?"

"Alimsikia, mama."

"Akadhani amerudi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi mzike karibu naye," akasema, akaingia ndani.

Ndugu yangu unayesoma, ukiwa na msiba moyoni, usishike silaha. Mimi nilitumwa kumlinda Tansy, na ni mimi niliyemuua.