Krismasi Tuliyoliombea Shimo la Ndizi

Niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: Krismasi iliyopita niliuongoza ukoo wetu, katekista akiwa mbele, kwenda kuliombea shimo la kuivishia ndizi. Tulilipamba kwa maua. Tulilia kidogo. Shangazi alilia sana.

Lakini ujinga huu nilipandikizwa utotoni. Wenzangu mliokulia Ihanda, enzi za mpira wa majani makavu ya mgomba, mtanielewa. Tulishiba matoke na maharage, kisha tukalala na uchu wa ndizi mbivu. Bibi alifukia ndizi zake za pombe shimoni, majani chini, majani juu, udongo juu ya yote, na baada ya siku chache shamba zima lilinukia mpaka hesabu za mwalimu zikatushinda. Mtoto wa leo ukimkataza kitu anakuuliza, "Kwa nini?" Sisi tuliambiwa mara moja tu. Bibi alisimama kando ya kile kichuguu cha udongo akasema, "Hapa amelala Babu Mkubwa. Atakayechimba atashikwa mkono."

Nani achimbe? Babu Mkubwa ndiye baba wa babu yetu, na hatukuwa na hamu ya kusalimiana naye kwa mkono. Tulipita pale kwa adabu, mwenye kofia akaivua.

Bibi mwenyewe alizoea kukaa mbele ya nyumba, kwenye mkeka, akimenya ndizi. Pembeni yake lilikuwapo jiwe bapa, zuri kuliko kiti cha mwalimu mkuu, lakini hakuwahi kulikalia. Tukimwuliza, anasema linamuumiza kiuno. Sisi wajukuu alituacha tulikalie tutakavyo, msimu wa senene tukiwatafuna panzi hao hapo hapo, mafuta yakituchuruzika mpaka viwikoni.

Basi wenzangu wakakua wakatawanyika. Binamu yangu Deo akapata ofisi Rubwera. Mimi nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, na hapo ndipo nilipo. Nikienda Kayanga kununua sabuni tu, nikifika nusu ya njia nimeshakikumbuka kitanda changu. Kila jioni nalikalia lile jiwe na kikombe changu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikiwachambua wapita njia.

Ilipokaribia Sikukuu ya Uhuru, mtoto wa Deo akapewa kazi shuleni: akaulize nyumbani wazee wake walikuwa wapi bendera ilipopandishwa. Deo akalitupa swali kwenye kundi la simu la ukoo. Mungu wangu! Kila mtu akawa mtafiti. Mmoja akasema Babu Mkubwa alitoka Kituntu kwa miguu. Mwingine akabisha kwamba alikuja na mtumbwi, sijui ulipandaje milima. Vijana wakamtafuta mtandaoni, wakashangaa hayumo.

Ndipo Shangazi Kokushubira, mdogo wake baba, aliyelelewa Bukoba kwa mama yake mdogo, akatuma sauti. "Mzee huyo ndiye aliyenipa jina. Alikufa nikiwa bado mgongoni. Miguu yangu sasa ni ya kuazima. Krismasi hii nataka kufika alipolala nimwambie asante, basi."

Alipolala hakuna aliyepajua. Bibi na baba wangejua, lakini sisi tulianza kuuliza maswali walipokwisha kutuacha. Nikaona nisiuache ukoo uaibike. Nikajibu, kwa sauti ya mlinzi wa boma: "Shangazi, njoo. Kaburi nalijua tangu utotoni."

Akaja. Baada ya ibada ya Krismasi tukamshika mikono mpaka migombani. Akatandika khanga, akapiga magoti. "Babu, ni mimi, Kokushubira. Jina ulilonipa nimelitunza." Hata mimi nilitazama pembeni. Kisha Deo akashika jembe achimbie msalaba. Pigo la kwanza tu, jembe likazama lote, likaibuka na majani ya mgomba, meusi, tabaka juu ya tabaka.

Nyuma yetu kikapasuka kicheko. Alikuwa Ma Anastazia, jirani yetu, aliyeolewa hapo baba akiwa bado anatambaa. "Jamani! Si shimo letu la ndizi hilo, mimi na bibi yao!"

Katekista akafunga kitabu. Shangazi hakucheka. Alinigeukia taratibu. "Mwanangu, wewe uliyebaki nyumbani, ulikuwa unatunza nini?"

Nikajikokota mpaka kwenye jiwe langu, nikakaa, kichwa mikononi. Nikawaza: enzi zetu ukoo ulitosha kuzunguka chungu kimoja, na anayejua yote alikuwa pale pale anamenya ndizi, nasi tukamwuliza tu zitaiva lini. Leo tuna kundi, tuna picha, maswali tunayo tele, na wa kujibu ametutoka.

Shangazi akaja nyuma yangu polepole akiegemea bega la Deo. Ma Anastazia alikuwa ameshatangulia, sahani ya pilau mkononi. Akanitazama, akalitazama jiwe, akasema:

"Inuka hapo! Bibi yako hakuthubutu kulikalia hilo jiwe kwa sababu chini yake yuko baba mkwe wake. Wewe kitukuu umempakata mapajani miaka yote hii, sijui nani kampakata nani, halafu unampeleka shangazi yako akaongee na ndizi!"