Jina la Kaka Yangu Okonori

Kaka yangu Okonori tulimzika Unyambwa mwezi wa sita, watu wakiwa bado wanapura alizeti. Hakuacha mke wala mtoto. Aliacha mashine ya kukamulia mafuta, baiskeli, na jina ambalo kwetu hakuna mwingine aliye nalo.

Jina hilo lilitoka kwa Padri O'Connor wa Ayalandi, aliyempeleka mama hospitali kwa gari lake uchungu ulipomzidi. Baba yetu, Stefano, alipompeleka mtoto kubatizwa, padri alikataa.

"Hilo ni jina la ukoo wangu, Stefano. Mchagulie mtakatifu."

"Wewe nawe ni mtakatifu, padri. Bado kufa tu."

Kanisa zima lilicheka. Kitabuni akaandikwa Yosefu Okonori, lakini Yosefu hakuna aliyemwita.

Shuleni wenzake walimwita Mzungu wa Mkaa. Alipokuwa mtu mzima alimuuliza sista mmoja, naye wa Ayalandi, maana ya jina lake. Sista alimweleza kwamba ile O ni mjukuu, na Konori ni mtu wa kale aliyependa mbwa wa kuwindia. Kaka alinisimulia akicheka.

"Yasinta mdogo wangu, kumbe miaka yote hii mimi ni mjukuu wa mzee nisiyemjua."

Katika ukoo wetu mtu mzima akifariki, jina lake hupewa mtoto anayezaliwa, ili aendelee kuitwa nyumbani. Kaka alikuwa na hakika kwamba lake hakuna atakayeliomba. Basi Sikudhani, mke wa mdogo wetu Gerald, alipojifungua mtoto wa kiume wiki tatu baada ya mazishi, nilipiga magoti mbele ya baba mdogo Alute. Yeye ndiye mkubwa wetu sasa.

"Shikamoo, baba. Naomba mtoto aitwe Okonori."

"Marahaba. Jina hilo nyuma yake hakuna wazee wetu. Tukiliita, ataitika nani?"

"Ataitika kaka yangu."

"Peke yake, mwanangu?"

Mtoto akapewa jina la marehemu baba yetu, Stefano. Nimesali rozari nikimwomba Mungu anipe moyo wa kukubali. Bado namwomba. Wifi yangu Sikudhani aliniona nikisali.

"Wifi, mkiwa wawili tu na mtoto, mwite unavyotaka."

Jana alinipa mtoto akaenda kuchota maji. Nikamwita Okonori, mara mbili. Alikuwa macho, anatazama ukuta. Hakugeuka.